Jamaa Aliyeifungulia MacBook Mlango wa Linux, Mashabiki Wakamchosha

Jina lake liachwe tu, wanaomjua wanamjua. Ni yule aliyetamba zamani kwa kuchokonoa Wii na PlayStation 3.

Novemba 2020 Apple wakaleta laptopu zenye chipu yao wenyewe, M1, ya ukoo wa ARM, ukoo uleule wa chipu za simu. Nyepesi, zina kasi, chaji inakaa. Apple hawakumzuia mtu kuweka mfumo mwingine, ila maelezo ya vifaa vya ndani hawakutoa. Yaani umekabidhiwa funguo za nyumba, ukaingia ukakuta giza na swichi hujui ziko wapi.

Jamaa akaomba watu wamchangie kila mwezi aifanye hiyo kazi. Mradi ukaitwa Asahi Linux. Mbinu yao ilikuwa ya kijasusi kabisa: waliweka programu ndogo chini ya macOS, wakachomeka waya kwenda kompyuta nyingine, kisha wakakaa wanasikiliza macOS ikiongea na vifaa vyake. Kila kinachosemwa, wanaandika. Miezi na miezi.

Machi 2022 toleo la majaribio likatoka. Spika kimya, kamera hakuna, chipu ya picha imelala. Aliyekuja kuiamsha alikuwa kivutio mwenyewe: mtu anayejitokeza kwa sura ya katuni ya Kijapani, akiandika draiva mubashara YouTube masaa kwa masaa. Desemba ileile ikawafikia watu.

Sasa hizo spika. Za MacBook ni ndogo, na zikisukumwa bila mtu wa kuangalia joto lake zinaungua kweli, siyo utani. macOS inapiga hesabu ya joto hilo muda wote. Ikabidi wenzetu hawa nao watengeneze mlinzi wao kwanza ndipo wafungulie sauti. Huku nje watu wanalalamika laptopu bubu. Spika ikiungua angelipa nani?

Na haikuishia hapo. Kila wakimaliza kimoja, watu wanarukia kingine. Mbona skrini ya nje haishiki kwa USB-C? Mbona chaji inaisha haraka kuliko kwenye macOS? M3 lini? Na anayefoka hivyo kapakua bure! Michango nayo ikawa inashuka. Juu yake kukawa na vuta nikuvute na wakongwe wa Linux wenyewe kuhusu Rust, lugha iliyotumika kuandikia ile draiva ya picha.

Februari 2025 jamaa akabwaga manyanga. Akasema wazi kuwa amechoka.

Watu saba wakashika usukani kwa pamoja. Jambo la kwanza walilotangaza ni kwamba wanaingiza kazi iliyokwisha fanyika ndani ya Linux yenyewe kabla ya kukimbilia chipu mpya. Wenye M1 na M2 waendelee kula raha. Wa M3 wakae foleni.