Akiba ya Kaskazi kwa Ajili ya Kusi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji, sisi watu wa mwambao twaijua vyema misimu miwili ya upepo. Kaskazi ikivuma, tangu mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu hivi, bahari hutulia, wavuvi hutoka nje ya mwamba na kitoweo hupatikana. Kisha huja kusi, na mvua za masika pamoja nayo. Bahari huchafuka, vyombo vidogo huvutwa ufukoni, na aliyezoea kurudi na mitungo ya samaki hurudi mikono mitupu. Wala si mvuvi peke yake. Mahoteli ya ufukweni hupunguza wafanyakazi katika miezi ya mvua, fundi wa ujenzi hukaa bila kazi, na mwalimu wa chuo hukosa ada pindi watoto wanapokwenda likizo. Kila nyumba ina kaskazi yake na kusi yake.

Juma hili twataka kuzungumzia namna nyumba yenye kipato kidogo iwezavyo kutwaa kidogo cha kaskazi na kukifikisha salama hadi kusi. Na tangu mwanzo twasema yale tunayoyaamini: akiba haiharibiwi na uchache wa pesa kama inavyoharibiwa na mume na mke kufichana.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kuweka akiba ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wasema kesho ina riziki yake. Ni kweli, riziki ya kesho iko kwa Mola. Lakini tuisome Surat Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuwaambia watu wakae wakingoja. Aliwaelekeza walime miaka saba, wayaache mavuno katika mashuke yake ila kidogo cha kula, ili wapate cha kuwavusha katika miaka saba ya ukame. Tuzingatie kwamba hesabu ile ilifanywa wakati wa neema. Ukame ulipoingia, muda wa kuhesabu ulikuwa umekwisha pita.

Mtume wetu (S.A.W.), aliye kigezo chetu katika kutegemea, imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Na sahaba wake Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka akataka kuusia sehemu kubwa ya mali yake itolewe sadaka, Mtume alimwekea mpaka wa thuluthi, tena akamwambia kuwa hiyo nayo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba kwa watu. Basi mwenye kuwawekea watoto wake kibaba cha mchele hajapunguza imani yake. Amefuata mwendo wa Mitume.

Sasa tuje nyumbani. Katika miaka tuliyokaa kusikiliza ndugu wanaohitaji sulhu, tumeona kuwa magomvi mengi ya mke na mume yajapo mbele yetu huvaa nguo nyingine. Huyu husema hajaliwi, yule husema haheshimiwi. Ukichimba, aghalabu wakuta pesa chini yake.

Walitufikia siku moja mvuvi na mkewe, watu wema wote wawili, wazazi wa watoto wanne. Kusi ilikuwa imeshika, kodi ya nyumba imelala miezi miwili, na mume amemtaka mkewe atoe bangili yake ikauzwe. Mke amekataa.

“Sheikh, bangili hii ni mahari yangu,” alisema. “Kaskazi nzima baba watoto alinipa shilingi 500 za matumizi kila siku, wala sikupata kujua samaki wameuzwa ngapi. Mimi nikajua nyingine aziweka.”

Mume akainamisha kichwa. “Nami, sheikh, nilidhani yeye ndiye awekaye katika hizo ninazompa.”

Kila mmoja alikuwa ameegemea ukuta ambao mwenziwe hakuujenga. Hapakuwa na mwizi wala mbadhirifu katika nyumba ile. Kilichokosekana ni mazungumzo ya nusu saa.

Kuhusu bangili, hukumu yake ni wazi, nasi hatukuificha. Mahari ni mali ya mwanamke, na mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake ya moyo. Nafaka ya nyumba ni wajibu wa mume. Mke akisaidia, amefanya ihsani na ana thawabu. Asiposaidia, hana lawama. Twalikariri jambo hili kwa sababu wako wanaume ambao wakisikia neno “akiba ya familia” huanza kuhesabu dhahabu ya mke kabla ya kuhesabu mapato yao.

Baada ya hapo tuliwashauri waanze na daftari. Mwenyezi Mungu ameamrisha madeni yaandikwe, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Surat Al-Baqara, ndiyo hiyo ya kuandika deni. Ikiwa maandishi yamesisitizwa kiasi hicho kati ya watu na watu, itakuwaje aibu mume na mke kuandika yaliyoingia na yaliyotoka? Daftari la shule latosha. Ukurasa wa kulia huandikwa kilichopatikana, wa kushoto kilichotumika, hata kama ni shilingi kumi za ubuyu wa mtoto. Kisha mara moja kwa juma, baada ya sala ya Isha, wawili hao huketi wakasoma pamoja. Mume ataje alichopata bila kupunguza, na mke ataje alichotumia bila kuogopa. Sharti la kikao hicho ni kwamba hakuna kukaripiana. Anayekaripiwa leo, juma lijalo ataficha.

Juma la kwanza daftari hustaajabisha. Chai ya kijiweni, vocha ya simu, maandazi ya asubuhi yanayonunuliwa ilhali unga umo ndani, nauli ya safari ambayo miguu ingeitosheleza: kila kimoja ni kidogo, na jumla yake si ndogo. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi wa siku 30, na kwa mwaka ni 18,250. Wengi wetu hatujapata kuishika 18,000 kwa pamoja, na huku kila mwaka zapita mikononi mwetu.

Jambo la pili ni kuweka kabla ya kutumia. Anayengoja kuweka kitakachobaki hupata kwamba hakibaki kitu. Yule mvuvi alikubaliana na mkewe kwamba msimu ujao, kila siku atakayouza samaki, shilingi 100 zitengwe kabla ya nyingine zote, nazo zikae kwa mtu wanayemwamini wote wawili. Siku ya kukosa, hazitengwi, wala hapana kulaumiana. Kusi iliyofuata iliwakuta na kodi ya miezi mitatu. Hawakutajirika, mboga ilikuwa mchicha na kunde kama kwa jirani zao. Lakini mwenye nyumba hakugonga mlango, na bangili ingali mkononi mwa mwenyewe.

Jambo la tatu ni jiko. Maskini hununua kwa bei ya juu kuliko tajiri, kwa kuwa hununua kidogo kidogo. Mwenye kununua mafuta ya kupima ya shilingi 20 kila siku ametumia shilingi 600 kwa mwezi. Na alinganishe mwenyewe, kwa bei ya duka la mtaani kwake, ni lita ngapi angezipata kwa fedha hizo kwa mara moja. Asiyeweza peke yake, na aungane na jirani wawili au watatu wanunue pamoja gunia la makaa au mfuko mkubwa wa mchele, wagawane kwa mizani. Wazee wetu walijua pia kuhifadhi. Samaki wakiwa wengi waliwapasua, wakawatia chumvi na kuwaanika, na ng'onda ile ikawa kitoweo cha siku za dhiki. Tui la pili halikumwagwa. Lilipikiwa mboga ya kesho.

Na hapa tutaje mwezi mtukufu. Ramadhani ni mwezi wa kupunguza kula, ila katika nyumba nyingi ndio mwezi wa matumizi makubwa kuliko yote: sukari, tambi, viazi, nyama, na sahani zinazorudi jikoni zimejaa. Kisha Idi hudai nguo mpya. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 11 hivi, Ramadhani yaweza kuangukia kaskazi au kusi. Mwenye busara huitazama kalenda mapema, akaanza kuweka ya sukari na ya nguo tangu Rajabu.

Jambo la nne ni mkopo wa simu. Pesa za simu zilipoanza nchini mwetu mwaka 2007 zilitupunguzia taabu nyingi. Lakini nyuma yake imekuja mikopo ambayo mtu huipata akiwa kitandani, bila shahidi wala mashauri. Tuseme mtu akope shilingi 2,000 na atozwe 7.5 kwa mia kwa mwezi. Atalipa 150 juu yake, naye ataziona si kitu. Akirudia kila mwezi kwa mwaka mzima, ametoa shilingi 1,800 kwa ajili ya zile 2,000 zile zile. Hiyo ni hasara ya dunia. Ya akhera ni nzito zaidi, kwa kuwa ziada juu ya mkopo ni riba, na riba ni haramu iwe nyingi au chache, ibadilishwe jina au isibadilishwe. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na mzigo wa madeni, akaeleza kuwa deni humfikisha mtu kwenye uongo na kuvunja ahadi. Anayejificha mwenye duka asimwone apitapo ameshaanza kuionja maana ya maneno hayo.

Badala ya mkopo huo, akina mama zetu wana njia yao, nayo ni mchezo. Kumi hukutana, kila mmoja hutoa kiasi sawa kwa juma au kwa mwezi, na jumla hupewa mmoja kwa zamu hadi wote wapate. Wapo wanaotuuliza kama mchezo unafaa kisharia. Twajibu kuwa suala hili si geni. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi aliyefariki mwaka 1069 Hijria, ameutaja mchezo huu huu uliokuwa ukichezwa na wanawake, akanukuu uhalali wake kutoka kwa Wali al-Din al-Iraqi, aliyefariki Misri mwaka 826. Yaani yapata miaka 600 iliyopita swali hili lilikuwa limekwisha jibiwa. Sharti ni kila mmoja atoe sawa na apokee sawa, pasiwe na ziada, na aliyepokea mwanzo asikimbie. Na mwanamume amwachie mkewe pesa za mchezo wake. Asizivizie siku ya zamu.

Tusije tukafahamika vibaya. Hatuwaiti watu kwenye ubahili. Qur'ani imewasifu waja wema kuwa katika matumizi hushika njia ya kati, baina ya israfu na uchoyo. Haki ya wazazi haipunguzwi kwa jina la akiba, wala dawa ya mgonjwa, wala chakula cha mgeni, ingawa mgeni apewe kilichopo, wala hapana haja ya kumkopea kuku. Sadaka nayo isikatwe, hata ikiwa tende moja. Na akiba ikijaaliwa kufika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka, hutolewa zaka yake 2.5 kwa mia. Nyumba nyingi za kipato kidogo hazitafika huko, na haziandikiwi dhambi.

Watoto nao washirikishwe kwa kadiri ya umri wao. Mtoto aliyeelezwa kwamba viatu vitanunuliwa mwezi ujao, kwa kuwa mwezi huu ni wa karo, hujifunza kusubiri pamoja na wazazi wake. Asiyeelezwa hudhani hapendwi.

Tunaloomba kwa kila nyumba itakayosoma waraka huu ni kikao kimoja tu juma hili, baada ya Isha, mkiwa na daftari na kalamu. Mume aanze yeye kusema alichopata. Mwenyezi Mungu atubarikie kidogo chetu, atukinge na madeni na riba, na atie mapenzi na ukweli baina ya waume na wake zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.