Maji Hayajaenda Popote

Leo nazungumza na wewe mwanafunzi, na wewe mzazi unayemwombea mwanafunzi.

Sisi wa Kipsing mto wetu tunaujua. Miezi mingi ni mchanga mtupu, na mgeni akipita atadhani hapa hakuna maji. Lakini sisi huchimba. Unatoa mchanga kwa karai mpaka unyevu uonekane, unangoja maji yajikusanye, unateka kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Kesho ukirudi, mchanga umeporomoka ndani. Unachimba tena.

Nataka kuungama jambo mbele yako. Nilipokuwa chuoni nilikuwa kiongozi katika CU. Niliongoza maombi, nilihubiri, watu wakaitikia Amina. Lakini muhula mzima sikuomba peke yangu hata asubuhi moja. Biblia niliifungua nikitafuta mahubiri tu. Niliwagawia watu maji, na mtungi wangu mwenyewe umekauka.

Nikarudi nyumbani Agosti, nimekata shauri kuacha uongozi na, nikwambie ukweli, kuacha wokovu pia. Mama akanichukua twende mtoni. Kisima tulichokiacha kabla ya mvua hakikuonekana, mafuriko yalikuwa yamekifukia. Nikasema, "Mama, hapa maji yameisha." Akanipa karai. "Maji hayajaenda popote. Ni mchanga umeingia. Chimba."

Nilichimba nikilia.

Soma Mwanzo 26. Isaka alikuta visima vya baba yake Ibrahimu vimefukiwa na Wafilisti. Hakukaa kulalamika. Alivichimba upya.

Mwanafunzi, mchanga wako ni upi? Ni simu unayoshika mpaka saa nane usiku? Ni wivu kwa yule anayekushinda darasani? Ni mwakenya uliouficha kwenye soksi? Huwezi kupiga magoti asubuhi, mchana ukaingia na mwakenya kwenye mtihani, halafu ushangae mbona mbingu ziko kimya.

Anza na kidogo. Amka dakika 15 kabla ya kengele, uombe. Soma sura moja ya Marko, si ya kuhubiri, ni ya kwako. Ukifunga Ijumaa, chakula chako kimfikie mwenzako ambaye kwao mifugo iliisha kwa ukame. Kabla ya Jumapili, mtafute uliyemkosea mmalizane.

Danieli naye alikuwa mwanafunzi. Miaka mitatu alisomeshwa Babeli lugha na elimu ya Wakaldayo. Alipokuwa mkubwa serikalini, bado alipiga magoti mara tatu kwa siku, kama ilivyokuwa desturi yake. Hakuanza kuomba siku ya simba.

Kuna siku utachimba na hutaona hata unyevu. Rudi kesho. Nidhamu ya kiroho haitengenezi maji. Maji ni neema, na tayari yako chini. Kazi yako ni kutoa mchanga.

Tuombe. Baba, mkumbuke mtoto wako aliye bwenini usiku huu, anayedhani umemwacha. Mpe nguvu ya kuchimba tena kesho asubuhi. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili ni lako, mtumie na mwanafunzi mmoja.