Mjomba wa Zamu ya Jioni

Mpwa wangu alikuwa na wiki 6 dadangu aliporudi kazini. Anashona nguo kwa kiwanda kimoja nje ya mji, kazi ya kibarua, unalipwa siku uliyofika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara wote, lakini jaribu kumsomea hiyo sheria msimamizi anayekuandika upya kila wiki. Zamu yake ilianza mchana na kuisha usiku. Baba ya mtoto tulishamwachia Mungu. Aliyebaki kwa nyumba ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, naandika makala za kulipwa kwa neno, na kwa macho ya familia yangu mtu anayeshinda kwa nyumba na laptopu hana kazi. Basi nikapewa kazi.

"Ni chupa tu," dadangu akaniambia akifunga viatu. "Akilia mpe chupa. Akishiba atalala."

Tulimwita Bosi, na kweli alikuwa na ratiba yake. Mchana kutwa alikuwa mtoto wa kwenye kalenda: ananyonya, analala, anaangalia pazia. Ikifika saa 12 jioni, jua likianza kupotea nyuma ya maghorofa ya Pipeline, anakunja magoti hadi tumboni, uso unageuka rangi ya bitiruti, ngumi zinajifunga, anaanza. Haikuwa kilio cha nepi, wala cha njaa. Ilikuwa kilio cha mtu aliyeibiwa. Alilia hadi saa 3 usiku, kisha ghafla akanyamaza na kulala, akiniacha nimesimama katikati ya nyumba na shati limelowa maziwa na jasho.

Kama umewahi kuishi Pipeline unajua kuta zetu. Jirani akipiga chafya unamwambia pole. Kwa hivyo kilio cha Bosi kilikuwa mali ya ghorofa nzima, na kila mtu alikuja na dawa. Mama wa mboga alisema ni jicho, mtoto ameangaliwa vibaya. Jirani aliyetoka Mombasa alisema ni chango, atafutwe mtu wa kumchua tumbo. Mwenye duka alinipa chupa ya gripe water bila hata kuniuliza. Na jamaa wa kutengeneza simu hapo chini, baba wa watoto wawili, alinichukua kando kama mwanamume kwa mwanamume: "Shida ni hiyo chuchu ya chupa, buda. Tundu ni dogo. Pasha sindano moto, utoboe."

Niliamini sindano. Maziwa yalishuka kama mfereji wa asubuhi. Bosi alimeza, akakohoa, akameza, akamaliza chupa nzima kwa dakika chache. Nilijisikia mtaalamu. Jioni hiyo alilia hadi saa 4.

Kesho yake nikambeba kwa leso hadi kliniki. Nesi aliniita baba mtoto na sikumrekebisha. Alinihoji kama polisi. Ana joto? Anatapika, na matapishi ni ya kijani? Choo kina damu? Amekataa kunyonya? Amelegea kuliko kawaida? Kila jibu lilikuwa hapana. "Ukiona hata moja ya hizo, usingoje asubuhi, mlete," akasema. Akampima kilo, akakuta ameongezeka vizuri. "Basi huyu ni mzima. Hii ni koliki."

Nilidhani akishataja jina ataleta na dawa. Hakuleta. Akaniambia madaktari wenyewe hawajakubaliana ni nini hasa kinachoisababisha. Inaanza mtoto akiwa na wiki 2 au 3, inafika kilele karibu na wiki ya 6, halafu kufikia miezi 3 ama 4 inaondoka yenyewe. Nikapiga hesabu. Wiki ya 6 ni ile ile dadangu alirudi kazini. Nilikuwa nimekabidhiwa mtoto kileleni.

Kisha akaomba chupa. Akaona tundu langu la sindano, akanitazama, akaitupa ile chuchu kwa pipa. Tundu likiwa kubwa, alisema, mtoto anagugumia maziwa na hewa pamoja, na hiyo hewa lazima itafute njia. Akanionyesha: mtoto akae karibu wima, asilale chali. Chupa uilaze, isisimame, ila chuchu ijae maziwa ndiyo asivute hewa. Kila baada ya muda kidogo toa, mweke begani, mpigepige mgongo hadi acheue. Akigeuza uso, ameshiba, usimlazimishe kumaliza kwa sababu maziwa ni ghali. Hapo aliniweza, maana kopo moja la maziwa lilikula pesa ya makala mbili, na nilikuwa namkamulia Bosi hadi tone la mwisho.

Aliuliza kwa nini situmii kikombe. Kikombe kidogo kinaoshwa kirahisi, chupa ina kona za kuficha uchafu. Nilijaribu, nusu ya maziwa ikaenda kwa shati. Tukakubaliana chupa, lakini ichemshwe kila mara. Maji ya maziwa ya kopo yawe yamechemka na bado ni ya moto sana, nyuzi 70 hivi, kwa sababu ule unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Pima kama kopo linavyosema, usiongeze maji ndiyo lifike mwisho wa mwezi. Yapoe kabla hujampa, jaribu tone kwa kifundo cha mkono. Akibakisha, mwaga. Na gripe water? "Chini ya miezi 6 ni maziwa peke yake." Baadaye nilisoma kwamba ilianzishwa na Mwingereza, William Woodward, mwaka wa 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani. Kumbe ndiyo maana mashosho wetu waliisifu.

Usiku huo huo nilisoma pia kuhusu daktari wa Marekani, Morris Wessel, ambaye mwaka wa 1954 aliweka kipimo ambacho madaktari walikitumia kwa miaka mingi: kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Bosi alikuwa anapita huo mtihani na alama za juu.

Chuchu mpya ilisaidia. Kilio kilipungua kwa nusu saa hivi. Hakikuisha, na hapo ndipo mimi nilianza kuisha. Kabla ya kliniki nilikuwa na adui: jicho, chango, tundu dogo. Sasa nilikuwa nafanya kila kitu sawasawa na bado analia.

Ilikuwa Alhamisi, stima zimepotea, nina makala ya kutuma kabla ya saa 2 na simu ina asilimia 9. Nilikuwa nimemlisha, nimemcheulisha, nimembadilisha, nimemzungusha nyumba nzima, yaani hatua sita kwenda na sita kurudi. Nikamshika kwapani, nikamwinua mbele ya uso wangu, nikapiga kelele: "Nyamaza!" Na mikono yangu ikaanza kwenda.

Sikumtikisa. Nataka kuandika hivyo na kuacha hapo, lakini ukweli ni kwamba mikono ilianza. Niliona kichwa chake kikiyumba mara moja, kidogo, na nikaganda. Nilikuwa nimeshasoma kwamba ubongo wa mtoto mchanga ukitikiswa unagonga fuvu, na sekunde chache zinatosha kumpofusha ama kumuua. Nilijua yote hayo na bado mikono ilianza.

Nikamlaza chali kwa godoro, mbali na mto na blanketi. Nikatoka. Nikavuta mlango, nikakaa kwa ngazi, na hapo gizani nikalia pia.

Shosho wa mlango wa pili alikuwa anapanda na mtungi wa maji na tochi ya simu mdomoni. Akauweka chini.

"Umemlaza vizuri?"

"Ndiyo, shosho."

"Hakuna kitu karibu na uso?"

"Hakuna."

"Basi kaa. Mtoto anayelia anapumua. Wewe ndiye hupumui."

Tukakaa labda dakika tano. Hakuniuliza kitu kingine. Kisha tukaingia, akamlaza Bosi kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwa kiwiko, akatembea naye polepole akiguna wimbo usio na maneno. Bosi hakunyamaza. Shosho naye hakujali. Alitembea tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Hapo ndipo nilielewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa najitafutia kazi isiyo yangu. Sikuwa nimepewa kazi ya kumnyamazisha. Kazi ilikuwa kuwa naye hadi saa 3.

Dadangu alifika saa 5. Nilimwambia kila kitu kabla hajavua viatu, maana nilijua nikingoja asubuhi nitanyamaza milele. Alimchukua Bosi, akampapasa kichwa, akamwangalia macho kwa muda mrefu. Asubuhi tulimpeleka kliniki kuangaliwa, akakutwa salama. Lakini usiku huo, nikingoja anifukuze, alisema kwa sauti ndogo: "Wiki ya tatu, nilimwacha kwa kitanda nikajifungia chooni nikafungulia maji nisimsikie." Kisha akaniambia kingine ambacho sikuwa najua. Kazini kila jioni matiti yanamjaa mpaka yanauma. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kwao hakuna. Anakamua kwa choo na kumwaga, saa zile zile mimi nachanganya maziwa ya kopo huku.

Tuliweka mpango. Nikifika mwisho, namlaza salama, nagonga kwa shosho. Hakuna kuuliza, hakuna aibu. Niligonga mara nne.

Wiki ya 14 tulienda chanjo. Alidungwa, akalia kidogo, akalala. Jioni nilikuwa na chupa tayari na mwili umekaza, nikingoja. Saa 12 ikapita. Saa 1. Saa 3 nikagundua nimeandika kurasa mbili na Bosi anaangalia pazia.

Juzi, saa 12 na nusu jioni, nilisikia kilio kipya kutoka ghorofa ya juu. Nikangoja. Saa 2 kilikuwa bado. Kuna vijana wawili walihamia hapo majuzi, siwajui hata majina. Nikachemsha chai, nikajaza thamosi, nikapanda kugonga.