Anayeongoza Aimbishe

Mtoto wa dada yangu alikuja kunisalimia Jumapili moja na medali shingoni, fulana ya mbio alizolipia kiingilio, na saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Hivi mjomba, enzi zenu watu walikuwa wanafanya mazoezi kweli?" Ana digrii. Mchakamchaka anausikia kama adhabu waliyopewa watoto wa bweni.

Sisi wa Magomeni tulikimbia kabla jua halijatoka. Vidumu na mafagio tuliviacha langoni, kiranja akapuliza filimbi, tukajipanga wawili wawili na kuteremka Barabara ya Morogoro hadi bonde la Jangwani, kisha tukageuza. Wengi tulikuwa pekupeku. Nyimbo za kumsuta Idi Amin tuliendelea kuziimba hata mwenyewe alipokwisha kukimbia nchi, na hakuna mwalimu aliyetuambia basi.

Tatizo letu lilikuwa mkimbiaji Filbert Bayi. Nimehakiki tarehe: Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Siku hiyo wengi wetu tulikuwa hatujaanza hata shule, kwa hiyo tarehe na iende zake. Kilichotuingia kichwani tulipokua ni kwamba aliongoza tangu bastola ilipolia, na John Walker akamfukuza mpaka mwisho asimpate. Basi kila mvulana akataka kuwa Bayi. Filimbi ikilia anachomoka, akifika Jangwani kashika kiuno. Kiranja wetu akatunga sheria: anayeongoza aimbishe. Ukitaka mbele, sauti iwe yako.

Sheria ile ilitutuliza sote. Huwezi kuimbisha huku unahema. Kiitikio kikianza kukatikakatika huko nyuma, aliye mbele alijua kwamba wadogo wamechoka, akapunguza. Kikirudi kwa kishindo, akaongeza. Hakuna aliyetueleza habari za moyo na mapafu, lakini tulikuwa na kipimo, na kilisikika mtaa mzima.

Viatu vilikuwa kwa fundi wa Magomeni Mapipa, chini ya mwarobaini. Miaka ile ya uhaba, raba za Bora zikipatikana ulizivaa mpaka kidole gumba kichungulie, ndipo unampelekea. Kibanda chake kilinuka gundi na mpira uliochomwa, harufu iliyokufuata hadi nyumbani. Uzi alikuwa akiuchomoa kwenye tairi bovu, mmoja mmoja, akiuvuta kwa koleo huku ameukanyaga mpira kwa miguu miwili, kisha akaupaka nta. Kwenye kifuniko cha sanduku la vifaa alibandika picha ya Bayi ya gazetini, imekuwa ya manjano kwa jua.

Kabla hajashona chochote aliigeuza raba na kuisoma soli. "Wewe kisigino cha kulia kinaisha upande. Unajitupa." Kisha akakuamuru utembee mbele yake hadi kwenye mtaro na kurudi, wateja wengine wakitazama. Kiraka cha tairi alikichonga kinene upande mmoja ili kikunyooshe. Hakuongeza bei. Ukimletea raba ambayo soli yake haijalika, alikuuliza kama umeacha shule. Mtoto wa dada yangu anasema siku hizi kuna duka linakupiga picha ukikimbia ili likuchagulie kiatu. Sawa. Bei ya hicho kiatu amenitajia, sikuirudia mbele ya mama yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. JKT ilitukimbiza kwa mabuti. Mitumba ikaingia, raba zikawa za kuchagua, na fundi akabaki na mikoba na masanduku ya safari. Ajira zikatukalisha, vitambi vikatoka, sukari na presha zikaingia hadi nyumba za watu tuliowajua kwa mbio. Mwaka 2016 serikali ikatangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, viongozi wakapigwa picha, halafu kila mtu akarudi kwenye gari. Mwaka 2025 Alphonce Simbu akatupa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, na kwa wiki moja hivi mtaani kwetu kila mtu alikuwa mkimbiaji.

Vilivyobaki ni vikundi vya jogingi. Kila Jumapili alfajiri vinapita Dar nzima, filimbi mbele, bendera ya mtaa, kina mama wa vikoba na vijana wa bodaboda mstari mmoja, na mwisho bonanza na supu. Mtu asiye na nauli ya kwenda kwenye jimu anakimbia pale bure. Nami nimo, safu za nyuma.

Kero yangu ni moja. Nyimbo nyingi siku hizi zinamsifu mheshimiwa aliyetoa fulana. Ndefu, zina vyeo, na hazina pa kuvutia pumzi. Nimeshasema kikaoni: mheshimiwa aimbwe wimbo mmoja, tena tukiwa tunateremka. Kwenye kupanda tunahitaji nyimbo za kukimbilia.