Tuzo ya Msafiri

Wahenga walisema, "Tembea uone." Methali hii ni fupi, na kwa sababu ya ufupi wake watu wengi hudhani kwamba wameielewa. Mtu akipanda basi, akafika mji asioujua, akapiga picha, akanunua kanga ya zawadi na kurudi kwake, hujiona ametembea na ameona. Mimi nami niliishi na dhana hiyo mpaka nilipokaribia miaka hamsini. Aliyenitoa humo hakuwa mwalimu wa chuo wala mwongozaji wa watalii. Alikuwa shangazi yangu, mkulima wa jembe la mkono, ambaye hakupanda ndege maisha yake yote.

Nilizaliwa Holili mwaka 1970. Holili ni mji mdogo wa Wilaya ya Rombo, mahali ambapo barabara itokayo Moshi kwa njia ya Himo inafika mpaka wa Kenya. Ukisimama hapo na kutazama kaskazini magharibi, mlima wa Kilimanjaro umekuinamia, na vihamba vya migomba na kahawa vimeyafunika mabega yake. Ukigeuka mashariki, unaona tambarare yenye joto, mashamba ya mahindi na vichaka vya miiba, na baada ya mwendo mfupi mji wa Taveta. Watu wa pande hizi mbili wameuziana ndizi, maharage na mifugo, na wameoana, tangu kabla ya wakubwa wa Ulaya kuchora mstari baina yao. Shangazi, dada yake baba, aliolewa Taveta, na sisi watoto tulikuwa tukitumwa kwake kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, zilizokuwa mali ya nchi tatu, ziliacha kuruka, na Kenya na Tanzania zikaanzisha kila moja shirika lake. Mwezi Februari mwaka huo mpaka ulifungwa. Kwa watu wa mijini mbali na hapa, hiyo ilikuwa habari ya gazeti. Kwetu Holili, nyumba ya shangazi iliyokuwa jirani iligeuka ugenini kwa siku moja. Njia za panya hazikukosekana, lakini mumewe alikuwa mtumishi wa serikali ya upande ule, naye alimkataza kabisa kuzipita.

Baba alifariki dunia mwaka 1980. Tangazo la kifo lilisomwa katika Radio Tanzania Dar es Salaam, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na mawimbi ya redio hayakuulizwa hati mpakani. Tulijua kwamba shangazi amesikia. Tulimngoja siku ya mazishi, tukamngoja siku ya matanga, naye hakuja. Mama hakusema neno kubwa, ila tangu siku hiyo jina la wifi yake lilipotajwa alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Shangazi alifika kwetu katika wiki ile ile, kwa miguu, akiwa ameshika jani la isale. Wasomaji wasiokuwa wenyeji wa Kilimanjaro wanapaswa kuelezwa kwamba isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda kuzunguka kihamba ili kuonyesha mpaka wake, na huupanda makaburini pia. Aliyekosa huchuma jani lake na kumpelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa isale ni aibu kubwa kwake kukataa kusamehe. Hivyo mmea mmoja hutenganisha mashamba na kuunganisha watu. Shangazi alilipeleka jani lile kaburini kwa kaka yake, kisha akampa mama jingine. Mama alilipokea. Lakini alipokea kwa mkono. Moyoni mwake lilibaki swali, nalo halikuulizwa.

Miaka ilipita. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikaajiriwa katika utumishi wa Serikali, na kwa kuwa nilipenda mashairi, nikaandika mashairi. Nilipopanda cheo nikaanza kutumwa mbali, na mara nyingi niliondokea Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kile kilichofunguliwa mwaka 1971 baina ya Moshi na Arusha. Siku moja, tukiwa angani kuelekea mkutanoni, kijana wa ofisi nyingine aliyeketi karibu nami aliniuliza, "Mzee, pointi zako unazikusanya?" Sikujua anasema nini. Akanieleza.

Mwaka 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa kumtunza abiria wa mara kwa mara, na mashirika mengi duniani yakafuata. Abiria hujiandikisha na kupewa namba. Kila anaposafiri huandikiwa pointi, kwa kadiri ya urefu wa safari au ya fedha aliyolipa, na zikitosha hubadilishwa kwa tiketi au kwa kiti bora zaidi. Shirika la Ethiopia, ambalo ndege zake hutua Kilimanjaro, linauita mpango wake ShebaMiles. Ni biashara, wala si sadaka: shirika linataka abiria asihame. Hata hivyo mwenye busara hunufaika nayo. Ajiandikishe kabla ya safari ya kwanza; jina lake liandikwe kama lilivyo katika pasipoti; atunze kipande cha tiketi mpaka pointi zionekane; akumbuke kuwa tiketi ya tuzo nayo hudaiwa kodi na ada; na zaidi ya yote, asome kanuni inayosema pointi hufa lini.

Neno hilo la mwisho mimi sikulizingatia. Kwa miaka kadhaa nilizihesabu pointi zangu kama bahili anavyohesabu senti. Nilikuwa na nia njema: kumpandisha shangazi ndege, nimpeleke Zanzibar aone bahari na Mji Mkongwe. Nilimwahidi, akacheka. Mwaka uliofuata nikasema, "Zingoje ziongezeke, tukae viti vya mbele." Mwaka uliofuata huo, kazi zilizidi. Mwaka 2017 nilipoitazama hesabu yangu, nilikuta hakuna kitu. Muda ulikuwa umepita, na kanuni ilikuwa imeandikwa waziwazi tangu awali. Hapakuwa na wa kumlaumu isipokuwa mimi.

Nilikwenda Taveta kumweleza shangazi kwa haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, bahari ni wewe uliyeitaka. Mimi nipeleke Chala, lakini upande wa kwetu."

Ziwa Chala liko kaskazini ya Holili, ndani ya shimo la volkano ya zamani, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita juu ya maji yake. Halina mto mkubwa unaoonekana ukiingia. Maji yake hutoka chini ya ardhi, yakichujwa na miamba kutoka mlimani. Kina chake kinazidi mita 90, na rangi yake hugeuka kijani au buluu kwa kadiri ya jua na majira. Kingo ni za mteremko mkali. Anayekwenda huko avae viatu vya kushika, abebe maji ya kunywa, apate mwenyeji wa kumwongoza, wala asithubutu kuogelea, kwani mwaka 2002 kijana mgeni aliuawa na mamba katika ziwa hilo. Hayo yote mimi niliyajua kwa kusoma. Nilikuwa nimekwishaona miji mikuu ya nchi kadhaa, na Chala, iliyo jirani na kihamba cha baba yangu, sikuwa nimepata kukanyaga.

Shangazi alivuka mpaka kwa hati yake ya muda. Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta ni kituo cha pamoja: msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Alipogongewa muhuri aliuliza, "Ndiyo basi?" Ofisa akajibu, "Ndiyo basi, mama. Karibu nyumbani." Alisimama kitambo kidogo pale dirishani, na waliokuwa nyuma yake wakamvumilia.

Tulipofika ukingoni mwa ziwa, magoti hayakumruhusu kuteremka. Nilimtafutia jiwe akaketi. Alitazama maji muda mrefu, kisha akanyosha mkono kuelekea ukingo wa pili.

"Pale," akasema. "Niliposikia redio, nilikuja pale. Sikuweza kuvuka, nikatafuta mahali ambapo naweza kuona udongo wa kwetu. Hapa ulipokaa wewe ndipo nilipokuwa nikitazama. Nililia matanga ya kaka yangu siku mbili peke yangu, nikaacha isale juu ya jiwe, nikarudi."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia mwaka 1983. Akajibu kwamba aliyeleta isale haleti na maelezo. Akieleza, atakuwa anajitetea badala ya kuomba msamaha. Nami nilikaa kimya, kwa maana mama alikuwa amefariki mwaka 2009, na swali lake alikwenda nalo. Jibu lilikuwa jirani yetu miaka yote ile. Lilihitaji gari la kukodi la nusu siku, na mtu wa kuuliza.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba watu wasipande ndege, wala kwamba Zanzibar haifai kuonwa. Nilizipanda na nitazipanda tena. Ninasema kwamba mahali pa kutembelewa hapajulikani kwa mandhari yake peke yake. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala katika kituo cha Horombo, kwenye mwinuko wa mita 3,720 hivi, nao hudhani ni jina la jiwe au la ndege. Horombo alikuwa mangi wa Keni, mtu wa Rombo, aliyejenga ngome za mawe, na vijana wetu wengi wapagazi hulitaja jina lake kila wiki bila ya kujua kuwa ni la nyumbani kwao. Kibo ina mita 5,895. Huo ni urefu wa mlima. Kina chake kimo katika vichwa vya wazee, na wazee hawakai wakitungoja.

Utamaduni wetu una tuzo yake ya msafiri, ya kale kuliko kadi za mashirika ya ndege. Mtu akirudi, kabla ya kufungua mzigo huulizwa, "Habari za utokako?" Huyo aliyerudi bila habari amerudi mikono mitupu, hata kama amebeba masanduku. Salim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wa Kijerumani, alikwenda kama mtumishi wa mtu mwingine. Lakini aliporudi alisimulia safari yake kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Jina la mtumishi linasomwa mpaka leo kwa sababu alileta habari.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu. Shule nyingi hupeleka wanafunzi katika ziara za mafunzo: milango ya hifadhi, maporomoko ya Marangu, makumbusho, bandari. Kabla ya basi kuondoka, kila mwanafunzi na apewe kazi moja: amwulize mzee mmoja wa ukoo wake juu ya mahali pamoja anapopakumbuka, kisha aandike alichoambiwa. Pengine mzee atataja mfereji wa maji uliochimbwa na babu zao, pengine soko, pengine jiwe tu lililo ukingoni mwa ziwa. Basi na lianzie hapo. Nauli yake ni ndogo, na faida yake haina tarehe ya kufa.

Shangazi alifariki mwaka 2019, akazikwa Taveta. Mazishini nilivuka mchana, kwa njia kuu, na jani la isale mkononi. Jioni niliporudi Holili niliandika ubeti huu, nao ninauacha mikononi mwa vijana:

Safiri mwana safiri, uyaone ya wenzako,
Nenda ukiwa tayari, salamu i hati yako,
Uwaulize habari, wazee wa kwenu huko,
Pointi hufa njiani, kumbukumbu haziishi.