Taa Iliyosema Uongo

Katika madrasa yetu hapa Galula, mtoto akiisha kuyajua maumbo ya herufi, twamfundisha nukta. Nukta moja juu ni fee. Nukta mbili juu ni qafu. Lakini zamani tulioneshwa msahafu ulioandikwa kwa khati ya Kimaghribi, na ndani yake fee ina nukta chini, na qafu ina nukta moja juu. Nukta ni ileile na mahali ni palepale, ila msomaji wa kwetu aiona fee, na msomaji wa Moroko aiona qafu. Wala hakuna aliyekosea. Kila mmoja asoma kama walivyopatana watu wa kwao. Jambo hilo tulilijua kitabuni kwa miaka mingi. Barabarani tulichelewa kulijua.

Kwa muda mrefu, pamoja na ualimu, tuliendesha gari la kubeba mpunga kutoka bondeni kwetu hadi Mbalizi. Hapa Galula hatuna mzunguko wa magari. Ule ambao watu huuita kiplefti twaukuta mijini tu. Jina lenyewe ni kanuni, maana yake ni shika kushoto. Aingiaye huwapisha waliomo ndani, wanaomjia kutoka kuliani. Naye akikaribia njia yake ya kutokea huwasha taa ya kushoto. Mkono wetu uliizoea kanuni hiyo hata ukawa hautungoji kuuamuru.

Mwaka 2018 tulikwenda Lubumbashi kumzuru mpwa wetu afanyaye biashara huko. Gari litokalo Tunduma kwenda Kongo likivuka Nakonde halibadili upande, kwa kuwa Zambia nayo hushika kushoto. Mabadiliko yapo Kasumbalesa. Kutoka hapo magari hushika kulia, na katika mizunguko huenda kinyume cha kwetu. Taa ya kutokea ni ya kulia. Taa ya kushoto maana yake ni kwamba mtu bado azunguka.

Siku ya tatu mpwa wetu alishikwa na homa kali. Tukachukua funguo za gari lake tumpeleke kwa daktari. Akasema, "Mjomba, ngoja nikutafutie dereva." Tukamjibu kwamba tuliendesha gari yeye hajazaliwa. Tulipotaka kuwasha taa ya ishara, waipa zikafagia kioo kikavu, maana katika gari lile vijiti vya usukani vimebadilishana mikono. Mgonjwa akacheka pamoja na homa yake. Hilo lilikuwa onyo, nasi hatukulisikia.

Tulipofika kwenye mzunguko tuliukumbuka upande wa kuingilia, tukawapisha waliomo, tukajisifu moyoni. Lakini tulipokaribia kutoka, mkono ulifanya kama ulivyozoea, ukawasha taa ya kushoto. Ubavuni mwetu, upande wa kulia, alikuwako mtu wa pikipiki amempakia mkewe. Alipoiona taa ile alifahamu kwamba twaendelea kuzunguka, naye akaendelea. Tukakata kulia, tukamgonga.

Mwanamke aliangukia goti, na unga alioupakata ukamwagika wote barabarani. Alhamdulillahi, mfupa haukuvunjika. Watu wakakusanyika, nasi tukayangoja matusi. Yule bwana hakututukana. Alitutazama, akasema kwa Kiswahili, maana huko nako Kiswahili ndiyo lugha ya mitaani, "Papa, taa yako ilisema unaendelea. Mimi niliiamini."

Hatukuwa na jawabu. Tulilipa matibabu, tukalipa unga na matengenezo ya pikipiki, akapokea. Usiku tulijitetea nafsini kwamba nia yetu ilikuwa njema. Ni kweli, lakini nia ilikuwa kifuani mwetu, na yule bwana hakuwa na cha kusoma ila taa. Taa husema kile anachokifahamu aitazamaye. Tuliongea naye lugha moja kwa ulimi, na kwa taa tukamwambia uongo bila kujua.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Katika barabara kuu ya Tunduma, dereva wa lori akiwasha taa ya kulia humwambia aliye nyuma yake, "Usinipite, mbele kuna gari", akiwasha ya kushoto humwambia, "Pita." Ni desturi ya wema, lakini taa ya kulia ndiyo hiyohiyo ya mtu atakaye kukata kulia. Mgeni aijuaje? Hata ile kanuni ya kuwapisha waliomo mzungukoni si ya tangu kale: Uingereza iliifanya sheria mwaka 1966, na Ufaransa iliikubali katika miaka ya 1980. Na mpaka leo, katika mzunguko mkubwa wa Étoile mjini Paris, waliomo ndani ndio huwapisha waingiao.

Basi msomaji aendaye Kongo, Burundi, Rwanda au Omani, ambako kote magari hushika kulia, twamsihi asiendeshe siku ya kwanza. Na aketi kando ya mwenyeji, amwulize mambo matatu: nani humpisha nani, taa ipi ni ya kutokea, na madereva huambiana nini kwa taa zao. Na akiwa mzungukoni, asiitegemee taa ya mwenzake peke yake. Alitazame gurudumu la mbele, limeelekea wapi.

Siku hizi tukifundisha nukta, twawahadithia watoto habari ya fee ya Maghribi, kisha ya unga uliomwagika Lubumbashi. Juzi mtoto mmoja aliuliza kama yule mama alipona. Tukamwambia kwamba mpwa wetu alikwenda kumtazama, akamkuta amepona goti, ila tangu siku ile, wakifika mzungukoni, humwambia mumewe asimame, ashuke, avuke kwa miguu.