Siku ya Kusimuliwa

Mama hakuwa na tarehe yangu ya kuzaliwa, ila siku yenyewe aliijua vizuri. Nilizaliwa mwaka 1971, Operesheni Dodoma ilipotuhamishia kijiji kipya, tembe letu halijaezekwa na uwele umekaribia kuisha. Mwalimu aliyeniandikisha darasa la kwanza aliandika 1 Julai, kama alivyowaandikia wenzangu wengi. Kwa Mama, kaka yangu alikuwa mtoto wa ukame wa 1969, na mdogo wangu wa Vita vya Kagera. Ukimuuliza umri wa mtoto, alikueleza pia mvua ilikuwaje na nani alimpokea.

Binti yangu ni wa El Nino, Januari 1998. Tulikaa Gulwe, mume wangu akifanya kazi ya reli, na mafuriko yalikuwa yameharibu njia kuelekea Kilosa. Hata barabara ya kuja Mpwapwa mjini ilikatwa na makorongo. Uchungu ulipozidi, vijana wanne walinibeba kwenye kitanda cha kamba hadi ng'ambo, na lori likanifikisha hospitali. Kadi ya kliniki iliandikwa siku, mwezi, mwaka na uzito. Niliitunza kadi ile kuliko nguo zangu; mwanangu hatakuwa wa 1 Julai.

Pamoja na tarehe ikaja bethdei. Tulipohamia mjini na yeye kuanza chekechea, keki ilisafiri kwa basi kutoka Dodoma magotini mwa shangazi yake. Kukawa na puto, kreti za soda na spika ya kuazima. Watoto walilishwa keki kwa zamu wakipigwa picha, mwishoni mwenye siku yake akamwagiwa maji. Yale maji nayapenda mpaka leo. Baadaye ikaanza michango, kamati na sare za wazazi, tena Januari, mwezi wa ada, daftari na palizi. Mtoto mwenyewe aliketi mezani kama bibi harusi, asiruhusiwe kuchafuka.

Alipotimiza miaka tisa, siku mbili kabla, msiba uliingia nyumba ya jirani. Muziki haupigwi jirani akilia. Soda tulizipeleka msibani, tukashinda huko. Jioni Mama alichinja jogoo, akasonga ugali wa uwele, akapika na mlenda. Kisha akamwita, "Mjukuu wangu, njoo nikupe siku yako."

Akamsimulia mvua, korongo, kitanda. Aliwataja wale vijana kwa majina na koo zao, na kumweleza jinsi mmoja wao alivyoteleza katikati ya maji, akazama hadi kifuani, asiuachie mguu wa kitanda. Binti yangu hakuwa amewahi kuyasikia. Nilikuwa nimempa tarehe tu. Kesho yake akaomba kwenda kumwamkia yule aliyeteleza. Tulibeba sukari na sabuni, tukaenda Gulwe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kwa muda. "Kumbe ni wewe uliyekuwa mzito vile!"

Hatukurudia kreti. Kila Januari alisimuliwa, kisha akaenda kumsalimu mtu mmoja aliyehusika: dereva wa lori, mkunga, mama aliyemfulia nepi. Naamini mtoto anahitaji kuwafahamu watu hao kuliko anavyohitaji wageni. Shaaban Robert, aliyefanya kazi Idara ya Mifugo hapa Mpwapwa katikati ya miaka ya 1940, aliwaachia wanawe tenzi mbili za mawaidha, mmoja wa binti, mwingine wa kijana. Sisi si washairi. Tuna mvua zetu na watu wetu.

Mjukuu wangu alizaliwa Dodoma 22 Machi 2021, siku mji ulipomuaga Rais Magufuli. Njia zilijaa watu hadi nikashindwa kufika hospitali kwa daladala. Kijana wa bodaboda akanipitisha vichochoroni, akakataa nauli aliposikia ninakokwenda. Nilipomsimulia, mtoto aliuliza kama wale watu wote walikuja kwa ajili yake. Nilimwambia walikuja kwa ajili ya mwingine, ila yule wa bodaboda alikuwa wake. Namba yake ninayo. Machi karanga mbichi zimekomaa, tutamchemshia ndoo nzima tumpelekee kijiweni kwake.